Unataka kusoma masta ya sayansi za uhai? Kabla hujalipia fomu pita hapa kwanza (watu wa Mwanza na kanda ya ziwa karibuni sana)

#1 Mleta uzi

Habari za majukumu wakuu. Kila dirisha la udahili likifunguliwa naanza kupokea meseji za madogo waliomaliza bayolojia, maikrobayolojia, bayoteknolojia, uvuvi, wanyamapori, ualimu wa sayansi, na swali ni lile lile, "kaka nisome masta gani inalipa?" Nimeona kujibu mmoja mmoja sitamaliza, bora nishushe uzi tusome wote, na waliotangulia muongezee nyama.

Mi nipo hapa hapa Mwanza, nafanya utafiti wa kichocho na magonjwa mengine ya ukanda wa ziwa, masta nimesoma nchini na wanafunzi wa masta wa vyuo mbalimbali wanaokuja kukusanya data huku kwetu nafanya nao kazi karibu kila msimu. Ushauri wangu ni mmoja na nauamini kabisa: tafuta kwanza msimamizi mwenye swali unalolipenda na mwenye hela ya kulifanyia kazi, jina la masta na jina la chuo yaje baadae. Najua wengi mnafanya kinyume, mnafungua tovuti ya chuo mnashuka na orodha ya kozi mpaka mkutane na jina tamu, afu msimamizi mnapangiwa mkishafika mwaka wa pili.

Kwanini nasema hivo. Masta ya sayansi haifanani na masta ya biashara ambayo ukilipa ada na kugawa dodoso umemaliza. Ada ya masomo iko kwenye tovuti kila mtu anaiona, ila gharama ya utafiti hakuna anayekwambia. Vifaa vya kutolea DNA vinaagizwa nje, praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kipimo) zinatengenezwa nje, enzaimu zinatakiwa zifike zikiwa na baridi na zikikaa uwanja wa ndege wikiendi nzima kwa sababu karatasi moja imekosekana basi zimekwisha. Namjua dada mmoja, kichwa kweli kweli, darasani alimaliza kwa wakati, sampuli zake akakusanya vizuri akazihifadhi kwenye friza, afu akakaa kusubiri hela ya rijenti (kemikali za maabara) ambayo chuo chake kilimwambia "itapatikana". Wenzake wa kozi isiyo na jina kubwa, waliokuwa chini ya mradi wenye bajeti, walivaa joho yeye bado anaulizia friza kama umeme haujakatika. Hakuna kitu kilinisikitisha kama kile, na akili yake haikuwa na tatizo lolote.

Kwaiyo swali la kwanza kumuuliza msimamizi, kwa adabu lakini bila aibu: sampuli zangu zitalipiwa na nani? Mtu mwenye mradi atakujibu kwa sentensi mbili. Akianza kuzunguka, jua umeshajibiwa.

La pili ni kazi yenyewe ya kila siku, maana watu wanapenda jina la fani kuliko kazi ya fani. Chukulia parasaitolojia ya kichocho. Mnaondoka alfajiri kwenda Igombe au mnavuka kwenda visiwani, mnavaa gambuti ndefu na glavu za mpaka kwenye kiwiko kwa sababu maji hayo hayo mnayoyachunguza ndo yanaambukiza, mnachota konokono, maana hao ndo wanabeba vimelea vya kichocho, kwenye matete na magugu kwa chujio la mpini mrefu. Mkirudi kila konokono anawekwa peke yake kwenye kichupa chenye maji safi, mnawaacha kwenye mwanga masaa kadhaa, afu unachungulia kwa hadubini kama kuna serkaria wametoka, vile vidudu vya mkia wenye panda vinavyoogelea kama vimechanganyikiwa. Wengi hawatoi kitu. Unaandika sifuri, sifuri, sifuri, ukurasa mzima, afu mmoja anatoa na hapo ndo unashangilia. Na hao wa sifuri hujamalizana nao, kuna ambao wana maambukizi machanga hayajakomaa, inabidi uwapime kwa PCR, kipimo kinachotafuta DNA ya kimelea. Kama kazi ya hivo inakuvutia, karibu sana, hii fani ni yako. Kama umesoma hapo umechoka, usijilazimishe, kuna wenzako wanaishi vizuri tu wakichambua data mezani na wala hawajui konokono ana harufu gani.

Hilo la data nataka mlitilie maanani. Mwanza hapa imefanyika kazi ambayo dunia nzima iliisoma. Ule utafiti wa miaka ya 90 uliochapishwa 1995, jamii 12 za vijijini, sita zikaboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya na sita za kulinganisha, maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa takribani asilimia 40 kule kulikoboreshwa. Juzi juzi tena kuanzia 2017, wasichana 930 wa miaka 9 mpaka 14 walishiriki utafiti wa chanjo ya HPV (kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi) kuona kama dozi moja inatosha badala ya mbili au tatu, na 2024 nchi ikahamia dozi moja. Sasa jiulize kwenye kazi kama hizo nani alikuwa nani. Kuna waliochukua damu, kuna waliopima kinga maabara, kuna waliokaa na wazazi kuwaelewesha, kuna waliokokotoa tangu mwanzo wanahitajika wasichana wangapi ili jibu liaminike. Hao wote ni watu wa sayansi za uhai na masta zao ni tofauti kabisa. Ukishajua we unataka kusimama wapi kwenye msafara huo, kozi ya kusoma inajionesha yenyewe.

Nimeandika kirefu, naishia hapa kwanza. Ulizeni.

#2 Mdau wa Igoma

Mkuu uzi wa maana sana. Mi nina digrii ya bayolojia ya molekuli, GPA 3.4, niko kitaa mwaka wa pili sasa. Nafikiria nipige masta ya maikrobayolojia ya kliniki na uchunguzi wa molekuli ili niajiriwe maabara ya hospitali, hata Bugando pale. Niko sahihi?

#3 Mleta uzi

Mdogo wangu, nakujibu kwa kirefu kwa sababu hapa wanaangukia wengi.

Kupima sampuli za wagonjwa hospitalini ni taaluma yenye baraza lake, wataalamu wa maabara za afya wanasajiliwa na wanapewa leseni, na usajili unaanzia kwenye stashahada au shahada ya sayansi ya maabara ya tiba. Masta juu ya digrii ya bayolojia ya kawaida haikugeuzi kuwa mtaalamu wa maabara wa hospitali. Utakuwa na masta yako nzuri ila ajira ikitangazwa wanataka namba ya usajili. Kwaiyo kabla hujalipa hata shilingi, ulizia baraza wakupe jibu la maandishi kuhusu digrii yako wewe, usisikilize mtu wa kijiweni.

Ila usikate tamaa, maana masta hiyo hiyo inakufaa ukiitazama upande wa utafiti. Usugu wa vijidudu dhidi ya antibayotiki ni eneo ambalo watu wa CUHAS (chuo kikuu cha afya hapa Mwanza) na Bugando wamelifanyia kazi kwa miaka mingi na machapisho yao yapo wazi mtandaoni. Yasome. Tafuta jina linalojirudia mwisho wa orodha ya waandishi, mara nyingi huyo ndo mwenye maabara. Na kuna kazi za maabara zisizogusa mgonjwa moja kwa moja, mfano maabara ya taifa ya ubora wa samaki pale Nyegezi, viwanda vya minofu, TVLA (wakala wa maabara za mifugo), TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Wakongwe wa hapa wanakumbuka 1999 Ulaya walivyofungia samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu, viwanda vikayumba mpaka mvuvi wa mwisho kijijini akaumia. Mtu anayejua kupima mabaki ya sumu na bakteria kwenye minofu analinda mkate wa watu wengi sana kanda hii.

Kuhusu GPA: 3.4 inakuingiza masta bila shida, vyuo vingi kiwango cha chini ni 2.7. Lakini kama ndoto yako ni kufundisha chuo kikuu soma matangazo ya kazi kwa makini, mengi ya vyuo vya umma yanataka digrii ya kwanza 3.8 na masta 4.0 kwa mhadhiri msaidizi. Hiyo 3.8 ya digrii ya kwanza masta haiifuti. Sikwambii kukuvunja moyo, nakwambia ili uelekeze nguvu kwenye taasisi za utafiti na miradi, huko wanaangalia umefanya nini kwa mikono yako. Na jingine, ukichukua masta ya tesis tupu isiyo na masomo ya darasani unaweza kumaliza bila GPA kwenye cheti, afu tangazo linadai GPA. Uliza mapema.

#4 Mwalimu, Ukerewe

Habari zenu. Mimi ni mwalimu wa bayolojia na kemia sekondari, nina familia, nipo Nansio. Siku zote napenda mambo ya ziwa lenyewe, maji, samaki, magugu. Watu wananiambia mwalimu akisoma masta asome elimu. Je kuna njia kwangu au nimechelewa?

#5 Mdau wa uvuvi, Nyegezi

Dada yangu wa Ukerewe, mleta uzi akiruhusu nikujibu mimi maana hii ni mitaa yangu.

Hujachelewa hata kidogo na usikubali kusukumwa kwenye masta ya elimu kama moyo haupo huko. Digrii ya ualimu wa sayansi ina bayolojia yake ndani, vyuo vingi vinaipokea kwa masta za ekolojia, sayansi za majini na za mazingira, ila unaweza kuongezewa masomo mawili matatu ya kuziba pengo. UDSM wana sayansi za majini na uvuvi, SUA (chuo cha kilimo Morogoro) wana ufugaji wa viumbe wa majini, Nelson Mandela kule Tengeru wao ni masta na PhD tu hawana digrii ya kwanza kwaiyo akili yao yote iko kwenye utafiti.

Ila kwa unavyojieleza dada, itafute hii: masta ya limnolojia na usimamizi wa ardhi oevu, inafundishwa kwa pamoja na vyuo vitatu, BOKU ya Vienna Austria, Egerton ya Njoro Kenya, na IHE Delft ya Uholanzi. Limnolojia ni sayansi ya maziwa na mito, yaani wanasoma vitu ambavyo we unaviona ukifungua dirisha. Ubelgiji nako kuna ile ya bahari na maziwa ya vyuo vitatu, Brussels, Ghent na Antwerp, na ufadhili wa VLIR-UOS ndo wa kufuatilia huko.

Na swali la utafiti unalo mlangoni. Dagaa. Wanavuliwa usiku kwa taa, asubuhi wanaanikwa, wengine kwenye mchanga wengine kwenye chanja. Masika yakishika haviishi vilio, mzigo unaoza kabla haujafika Mwaloni Kirumba, na ule uliokauka kwenye mchanga una mchanga kweli, unatafuna unausikia. Ni bakteria gani wanakua kwenye dagaa aliyeanikwa chini na yule wa kwenye chanja, unyevu umebaki kiasi gani, mama mchuuzi anapoteza fungu gani la mzigo wake? Hiyo ni masta nzima ya usalama wa chakula na haihitaji mashine ya kutisha, inahitaji mtu anayeaminika na wanawake wa pale mwaloni, na mwalimu wa Ukerewe anaaminika kuliko mtafiti anayeshuka na gari kutoka mbali.

#6 Mfugaji

Wakuu samahani ila mnadanganya vijana. Masta ya nini? Mimi nina vizimba vyangu vya sato, cheti changu cha kawaida tu, naingiza hela kuliko watafiti wenu. Kijana akipata hela ya ada anunue vifaranga.

#7 Mleta uzi

Mkuu heshima yako, na hongera kwa vizimba, serikali imehimiza na watu wanapiga hatua. Mtu mwenye lengo la biashara akafanye biashara, sibishani.

Ila nikuulize kitu kimoja kwa nia njema. Ile asubuhi unaamka unakuta sato wamegeuka matumbo juu kizimba kizima, unampigia nani? Ziwa hili maji ya chini yasiyo na hewa yanaweza kupanda juu upepo ukibadilika, magugu na mwani wakizidi hewa inashuka usiku, ugonjwa mmoja ukiingia unahama kizimba kwa kizimba. Ni mtu aliyesoma maji na vimelea ndo atakwambia vizimba visogezwe wapi na visongamane kiasi gani. Ziwa linahitaji wafugaji na linahitaji pia wanaolielewa. Sangara alipandikizwa miaka ya 50 na 60, kufika miaka ya 80 alikuwa ametawala, na furu, samaki wadogo wa asili wa humu, ambao walikuwa mamia ya aina, wengine hawapatikani popote duniani isipokuwa humu, wakapotea kwa wingi hapa hapa kwenye ghuba ya Mwanza. Tunayajua hayo kwa sababu kuna watu walikaa wakahesabu samaki kabla na baada. Naomba vijana wetu wawe kwenye kundi la wanaohesabu, tusisubiri mgeni atuhesabie.

#8 Mdau aliyepo Marekani

Nimetokea Mwanza, Mabatini, sa hivi nasoma PhD ya baiolojia ya chembe huku. Niongezee jambo ambalo nyumbani halisemwi sana: Marekani PhD nyingi za sayansi za uhai unaingia moja kwa moja na digrii ya kwanza, masta sio lazima. Ukikubaliwa ada wanalipa wao na unapewa posho ya kuishi, unasoma miaka mitano sita hivi. Mwaka wa kwanza unapita maabara mbili tatu, wiki kadhaa kila moja, ndo unachagua wa kukusimamia, yaani ule ushauri wa mleta uzi wa kuangalia msimamizi huku umewekwa ndani ya mfumo. Mtihani wa GRE programu nyingi za bayolojia wameuondoa. Maombi mengi yanafungwa Desemba, na ada ya maombi unaweza kuomba usamehewe, andika tu imeili uombe.

Kinachopimwa zaidi ni uzoefu wa utafiti na barua za watu waliokuona ukifanya kazi. Barua inayosema "alikuwa mwanafunzi mtiifu" haina uzito, barua inayosema "alirudia jaribio lililokuwa linagoma mpaka akagundua tatizo ni maji tunayotumia" hiyo inakupeleka mbali.

Uingereza ni tofauti, masta ni mwaka mmoja na PhD miaka mitatu minne, na Chevening (ufadhili wa serikali ya Uingereza) wanataka uwe na masaa 2,800 ya kazi, afu ukimaliza urudi nyumbani angalau miaka miwili, na PhD hawalipii. Ufadhili wa Commonwealth nao ufuatilie. Ukitaka kubaki Afrika Mashariki angalia ufadhili wa DAAD (Wajerumani) wa kusoma ndani ya ukanda, ila wao shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka 6, kwaiyo wanaosubiri subiri mtaani muwe macho.

#9 Mdau wa Igoma

Asanteni sana wakuu, mmenifungua. Swali la mwisho, mi sina mradi wala simjui profesa yeyote, na hela ya rijenti sina. Bayoinfomatiki je, ile ya kuchambua DNA kwa kompyuta? Na kumuandikia profesa naanzaje, nikimtumia "Dear Sir" na CV hawajibu.

#10 Mleta uzi

Bayoinfomatiki kwa hali yako naiunga mkono kwa mikono miwili. Mifuatano ya DNA ya vijidudu kibao ipo bure kwenye hifadhi za kimataifa kama GenBank, unahitaji laptopu yenye nguvu kiasi, bando, na uvumilivu wa kujifunza lugha za kompyuta kama R au Python na kutumia Linux. Hakuna barafu kavu hapo. Makerere Uganda wana masta yake, na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, Kenya pia. Angalizo langu ni moja, shika na bayolojia yenyewe, kwa sababu kompyuta itakupa jibu hata kama swali lako ni bovu, na mtu asiyemjua mdudu anayemchambua hatagundua. Epidemiolojia (jinsi magonjwa yanavyoenea) na biostatistiki (takwimu za afya) nazo ziweke kwenye mahesabu yako, miradi mingi ya hapa inasumbuka kupata mtu wa data kuliko mtu wa bomba la kupimia.

Kuhusu kuandika: hiyo CV na salamu anazipata kila siku. Chagua chapisho lake moja, lisome mpaka mwisho hata kama litakuchukua wiki na kamusi pembeni. Imeili yako iwe fupi, mistari nane tisa inatosha. Mstari wa kwanza wewe ni nani na umemaliza nini. Wa pili mpaka wa nne taja chapisho lenyewe na uliza kitu kimoja ambacho hukukielewa au unaona hakijamalizwa, mfano kama aina ya kijidudu waliyoikuta kwa wagonjwa waliitafuta pia kwenye maji ya visima au kwa kuku wa mtaani. Afu sema unaweza kufanya nini sa hivi, ukweli mtupu, "naweza kutoa DNA na kusoma jeli" au "nimeanza R, naweza kuchora grafu na kufanya rigresheni". Malizia kwa kuuliza kama ana nafasi ya mwanafunzi kwenye mradi unaoendelea au nafasi ya kujitolea. Wiki mbili zikipita kimya, mkumbushe mara moja kwa heshima, ukikosa hamia kwa mwingine.

Na kwa kuwa upo Igoma, usiishie kwenye imeili. Bugando, NIMR (utafiti wa magonjwa ya binadamu) pale Isamilo, TAFIRI (utafiti wa uvuvi) na FETA (chuo cha uvuvi) kule Nyegezi, TARI (utafiti wa kilimo) Ukiriguru ukitoka kidogo nje ya mji kama unapenda mimea, magonjwa ya muhogo yanayosambazwa na inzi weupe nayo yana kazi nyingi. Zote hizo ni nauli ya daladala. Ulizia semina za kisayansi, kuna sehemu wanafanya na mgeni anaruhusiwa kukaa nyuma kusikiliza. Kaa, sikiliza, ikiisha muulize aliyewasilisha swali moja. Ukishaandika hiyo imeili ya kwanza nitupie inboksi kabla hujaituma nikuangalizie, na dada wa Nansio nawe wazo lako la dagaa liandike nusu ukurasa tu, nitalipitia na huyo mdau wa Nyegezi.